Mbona gari lako halina mlio? Nawajibu watu wa Kigoma

Haya, mambo vipi ndugu zangu wa Mwisho wa Reli. Leo sikupanga kurekodi, ila swali limenichosha. Kila nikiweka video niko barabarani, mnaandika: “Kaka, gari la Ulaya mbona kimya kama baiskeli? Weka ekzosi ya kuunguruma bwana!” Mwingine anasema nimefulia.

Sijafulia. Na sitambi pia, msinianze. Gari lenyewe la mtumba.

Nilipolinunua lilikuwa linaunguruma, lingepita Mwanga watu wangetoka nje. Aliyeniuzia Mtanzania mwenzetu, tunaitana ndugu. Hakuniambia kwamba masega, yale ya ndani ya ekzosi, aliyatoa akauza. Hapa Uingereza gari likifikisha miaka 3, kila mwaka linapelekwa kukaguliwa, wanaita MOT. Ada inafika hadi pauni 54.85, piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, na hapo hujatengenezewa hata nati. Masega hayapo? Umefeli, maana ndiyo yanayopunguza sumu ya moshi. Mlio nao wala hawaupimi kwa mashine. Fundi anasikiliza kwa masikio yake, akiona umezidi sana mlio wa kawaida wa gari kama hilo, umefeli. Sasa unabishana vipi na sikio la mtu? Hiyo iliniuma.

Kurudisha masega na sailensa kulikula kodi yangu ya nyumba ya mwezi mzima. Halafu bima: ulichobadilisha kwenye gari unatakiwa uwaambie. Nikajaza fomu, nikatuma, wakasema haijafika, nikatuma tena. Na polisi akikukuta na kelele barabarani anaweza kukupiga faini ya pauni 50. Yule ndugu nikimpigia hapokei. Na harusi yake nilichanga! Tuyaache.

Wapo wanaofunga ekzosi za kelele huku huku, usiku nawasikia. Mimi nasema yaliyonikuta na mfuko wangu, wewe angalia wako.

Ila mdogo wangu wa Gungu, wewe nakusema. Juzi naongea na mama, nikanyamaza mpaka boda yako ipite, ndipo akanisikia. Hela ya sailensa natuma Ijumaa. Naituma kwa mama, usinipigie.