Oili Chini ya Siti: Tulivyousaka Mvujo wa Jetiski Kuukuu

NAHODHA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mnaotufuata mnaijua ile jetiski yangu, pikipiki ya majini, Yamaha VX110 ya mwaka 2005. Basi ilifika wakati ikawa inakula oili. Natoka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, nikifungua siti, chini kumejaa maji meusi yanayong'aa. Leo Fundi yuko hapa, tuwaeleze mvujo ulikuwa wapi.

FUNDI: Ulinipigia simu usiku, sauti imekukauka.

NAHODHA: Ningefanyaje? Mafundi wawili walishaniambia ni sili ya nyuma ya kranki, ule mpira unaozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokea. Maana yake injini nzima itoke. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mkopo.

FUNDI: Ndiyo nikakwambia usiguse spana. Gari likivuja, tone linaanguka chini, unalifuata juu mpaka lilikotoka. Jetiski haikupi nafasi hiyo. Injini imekaa ndani ya bodi kama chungu ndani ya karai. Oili ikidondoka inaelea juu ya maji yaliyoingia humo. Sasa pale nyuma ya injini kuna kile kiungo cha shafti inayokwenda kwenye pampu inayokisukuma chombo. Kinazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Maji yakipanda yakakigusa, kinayarusha huku na huku, mpaka juu ya injini.

NAHODHA: Lakini mimi niliona kwa macho yangu, nyuma ndiko kulikoloa zaidi.

FUNDI: Lazima kuloe zaidi, kinachorusha kiko hapo hapo. Ndiyo maana wenzetu wakaisingizia sili. Siwalaumu, lakini hawakukausha kwanza. Halafu unakumbuka swali langu la kwanza?

NAHODHA: Uliniuliza napima oili saa ngapi. Nikakwambia asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla sijaishusha majini. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

FUNDI: Kwa magari mengi, sawa. Hii ina tangi lake la oili, la peke yake. Ikilala usiku, oili nyingine inateremka kutoka kwenye tangi kuingia kwenye injini, kijiti cha kupimia kinakuonyesha pungufu. Wewe unaongeza. Kesho unaongeza tena. Ikizidi, inatafuta njia kupitia mpira wa kupumulia wa injini, inaingia kwenye boksi la hewa, lile injini inakovutia hewa. Tulipolifungua boksi lako tulikuta nini?

NAHODHA: Oili imetuama.

FUNDI: Basi sehemu ya tatizo ilikuwa ni kipimo chenyewe. Chombo kikae sawa, injini ipate moto, uizime, ndipo upime kama kitabu chake kinavyoagiza. Ile iliyozidi tuliivuta kwa pampu kupitia bomba la kijiti.

NAHODHA: Na kweli baada ya hapo ilipungua. Haikukoma, lakini.

FUNDI: Haikukoma, kwa hiyo tukaingia kazini. Na hapa nawaomba sana wenye vyombo ufukweni: msifungue vile vizibo vya nyuma vya kutolea maji mkamwaga maji yenye oili mchangani. Yanarudi baharini, na kuna watu wanaotegea samaki hapo hapo. Tulivuta yote kwa pampu ya mkono tukayatia kwenye dumu. Kisha sabuni ya kukata grisi, brashi, maji kidogo, matambara, mpaka injini ikawa kavu kabisa.

NAHODHA: Siku nzima ile! Halafu ukatoa poda ya mtoto.

FUNDI: Poda haifichi kitu. Nikainyunyiza kuzunguka filta, kwenye viungo vya mipira ya oili, kwenye sensa ya presha, chini ya sili, na kote kwenye ukingo wa kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Chini tukatandika karatasi nyeupe. Siti tukaiacha wazi muda mrefu kabla ya kuwasha, maana mvuke wa petroli ukijikusanya humo ndani ni hatari kubwa kuliko oili.

NAHODHA: Waambie na habari ya mpira wa maji ya kupozea injini, maana hapo nilitaka kukosea.

FUNDI: Ukiiwashia nchi kavu, injini iwake kwanza, ndipo ufungue maji. Kuzima, funga maji kwanza, injini iwake kidogo iteme yaliyobaki, ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanaweza kurudi kwa njia ya ekzosi mpaka ndani ya silinda. Na usiiwashe muda mrefu.

NAHODHA: Tukawasha, tukazima, tukatazama. Hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna.

FUNDI: Mara ya tatu ikiwa na moto kabisa, nikapitisha kioo kidogo na tochi nyuma ya kava ya tapeti. Kona ya nyuma, poda ilikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama wanja. Unatoka kwenye gasketi, ule mpira wa kuziba chini ya kava, unateremka nyuma ya injini, moja kwa moja mpaka juu ya kile kiungo cha shafti.

NAHODHA: Na sili?

FUNDI: Poda chini ya sili ilikuwa nyeupe. Gasketi tulipoitoa ilikuwa imekauka, ukiikunja inakatika. Tukaweka mpya, tukasafisha sehemu inapokalia bila kukwaruza, bolti tukazikaza kidogo kidogo kwa spana ya kipimo. Zinaingia kwenye aluminiamu, ukitumia nguvu za mabega umeharibu uzi.

NAHODHA: Nimekwenda Mtwapa mara nne tangu siku ile. Kila nikirudi naweka kitambaa cheupe chini ya injini usiku kucha. Cha jana nimekuja nacho, kitazame.

FUNDI: Maji ya chumvi tu haya. Mafuta hakuna. Endelea kukiweka mpaka mwezi uishe, na kijiti ukipime ikiwa na moto.

NAHODHA: Kwa moto, Fundi. Nimeshaandika kwa kalamu ndani ya kifuniko.