Ulisomea nini mpaka ukafundisha kemia Kampala?

Ndugu zangu wa nyumbani, habari za siku. Leo sizunguki na kamera sokoni. Nimekaa mezani kwa sababu kuna swali limenizidi nguvu. Kila nikiweka video, hata iwe ya bei ya sangara pale Ggaba, ufukweni mwa ziwa hapa Kampala, chini yake lazima mtu aulize: "Mwalimu, wewe ulisomea nini hasa? Nani alikushika mkono mpaka ukapata chuo kikuu Uganda?" Na mwingine anafuata: "Huo utafiti wenyewe unamsaidia nani?"

Nikijibu, najua nitaambiwa najipiga kifua. Nikitaja shida, nitaambiwa nalialia huku nakula dola. Dola sizioni, mshahara wangu ni shilingi ya Uganda. Na nyie mnaosema Kampala si ughaibuni kwa mtu wa Bukoba, sawa, ni karibu, basi ukilipanda Bukoba unaingia Kampala siku hiyohiyo. Lakini ukishapita mpaka wa Mutukula vyeti vyako vinakuwa vyeti vya mgeni, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Hakuna aliyenishika mkono. Nilisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sayansi na ualimu, kemia na biolojia. Nikarudi Kagera, nikafundisha kidato cha tano na cha sita. Watu wakisikia historia ya mhadhiri huwa wanairuka sehemu hiyo, wanataka wafike haraka kwenye shahada za juu. Mimi siiruki. Kule maabara ilikuwa chumba kimoja, bureti chache, wanafunzi wamejaa hadi mlangoni. Nilijifunza kupanga somo la vitendo lifanyike kwa zamu, kila mtoto ashike chombo kwa mkono wake na aone rangi inavyogeuka kwa tone moja la mwisho. Leo ninaowafundisha hapa wametoka Uganda, Kongo, Sudani Kusini, Kenya na kwetu. Wengi wanafika wameimeza kemia ya kwenye karatasi bila kuishika. Ule uzoefu wa Kagera ndio ninaoutumia kila wiki.

Shahada ya uzamili nilikuja kuisomea huku, na baadaye uzamivu. Katikati nilikuwa mwalimu wa muda kwenye chuo cha binafsi, sikitaji jina. Unalipwa kwa saa, na pesa inatoka baada ya kusahihisha mitihani na kukabidhi matokeo. Tena inatoka ikipenda. Muhula unaisha, mwingine unaanza, unaambiwa mhasibu amesafiri, saini bado, rudi wiki ijayo. Mwenye nyumba hasubiri mhasibu. Hili bado linaniuma, nasema wazi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamelipa ada na mimi nilikuwa nimefundisha.

Halafu vyeti. Mnajua kwamba kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki? Aliyesoma Dar na aliyesoma Makerere walipata shahada ya chuo kimoja. Na kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere mwenyewe ualimu aliusomea Makerere. Mwaka 2017 marais wetu walitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nilifurahi sana. Lakini nilipopeleka shahada yangu ya Mlimani kwenye ofisi moja ili ilinganishwe, nilipigwa danadana mpaka nikachoka. Mara nakala ithibitishwe na wakili, mara muhuri wa wakili wa Tanzania hautoshi, mara matokeo yatumwe moja kwa moja kutoka chuoni, na yakitumwa hayaonekani. Kila hatua ina malipo yake. Mimi nasema hivi: kama tumeshakubaliana kwamba elimu yetu ni eneo moja, mtu wa Bukoba asitozwe kuthibitisha kwamba alisoma Dar es Salaam. Atakayeona nalalamika, aone. Nimelipa, nina haki ya kusema.

Sasa utafiti, maana hapo ndipo mnaponionea zaidi. Kuna ndugu aliandika kwamba nimewakimbia watoto wa kwetu na sasa nawapimia Waganda maji. Ndugu yangu, haya maji ni ya nani? Ziwa Victoria karibu nusu yake iko Tanzania. Ninachopima ni fosfeti kwenye Ghuba ya Murchison, hapa kusini mwa Kampala. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji machafu ya jiji unayashusha kwenye ghuba hiyo, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala inavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Fosfeti ni chakula cha mwani. Ikizidi, mwani unatanda, maji yanakuwa kijani, na mtambo unahitaji dawa nyingi zaidi kuyasafisha. Miji ya kwetu iliyoko kando ya ziwa, Mwanza, Bukoba, Musoma, nayo inakua, na maji yake machafu yanaelekea ziwa hilihili. Kwa hiyo napima jambo linalotuhusu sote.

Kipimo chenyewe kinaeleweka hata na mtu wa kidato cha nne. Unachuja maji, unaweka amoniamu molibdeti na tindikali, halafu asidi ya askobiki, yaani ile vitamini C. Fosfeti ikiwepo, maji yanakuwa buluu, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. Unasubiri kama dakika 10 rangi ikomae, na unatakiwa uisome kwenye mashine kabla ya dakika 30 kupita. Umeme ukikatika hapo katikati na jenereta halina mafuta, zile sampuli zimekwenda, na boti ya kwenda kuzichota ulishailipa. Ndiyo maana mwanafunzi wangu hagusi kitendanishi, yaani kemikali ya kipimo, kabla hajajua kuosha chupa. Sabuni nyingine zina fosfeti. Ukiosha kwa sabuni ya jikoni, utakachopima ni sabuni. Tunaosha kwa tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa, tunasuuza kwa maji yaliyoondolewa madini, tunafunika. Wengine wananiona mkali kwenye chupa. Nitaendelea kuwa mkali, maana kuna mtu siku moja atatumia namba zetu kuamua maji ya watu.

Pesa ya kazi hii? Kitendanishi unaagiza kwa wakala, bei anaitaja kwa dola, na kinakuja wakati muhula umeisha. Utafiti lazima usajiliwe Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, nao una ada zake. Sehemu kubwa nimeilipa kwa vile vipindi vya kufundisha. Kwa hiyo mkiniuliza mimi ni mwalimu au mtafiti, jibu ni kwamba ualimu ndio umeulipia utafiti.

Wadogo zangu mnaotaka kufuata njia hii, haya ni yangu mimi, kila mtu ana mazingira yake, na taratibu hubadilika, msije mkanilaumu. Kabla hujatoka nyumbani, chukua matokeo yako yaliyofungwa kwa lakiri ya chuo, zaidi ya nakala moja. Omba na maelezo ya kila somo ulilosoma, mada na saa za maabara, kwa sababu jina la somo peke yake halitawatosha. Mkataba wa kulipwa kwa saa usiusaini kama hauna tarehe ya malipo. Na kama lengo ni kuwa mhadhiri kamili, siku hizi utaulizwa uzamivu, kwa hiyo ufikirie mapema.

Dada yangu wa Muleba uliyeuliza juu ya mwanao, niandikie alimaliza mwaka gani na tahasusi yake ni ipi, PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia), ndipo nikujibu kitu cha maana. Habari ya ufadhili naiwekea video yake, kwani nayo ina machungu mengi. Sasa naingia darasani, kuna kundi linasubiri vitendo vya saa nane.