Programu Itakufa, Daftari Litabaki

Mbukwenyi! Na wasiojua Kigogo, hamjambo. Nimepewa muda mfupi kabla ya chakula, na moshi wa nyama choma umeshaingia dirishani, kwa hiyo naanza na kisa.

Zamani kidogo niliitwa na chama kimoja cha wakulima wa zabibu, si mbali na hapa mjini. Kompyuta yao ilikuwa imekufa na mavuno ya misimu sita: nani alileta kilo ngapi, siku gani, kalipwa nini. Zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, basi hiyo ni miaka mitatu ya jasho la watu. Kijana aliyewatengenezea programu alikuwa hodari. Aliiandika kwa Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1998, ila kumbukumbu alizihifadhi kwa mpangilio alioubuni mwenyewe. Naye alishahamia Dar, simu haipatikani. Diski tuliiokoa, faili tukalikuta zima. Tukalifungua: vidudu vitupu, hakuna neno la kusomeka.

Karani wao, mzee wa makamo, akaingia stoo akarudi na kaunta buku mbili. "Mwanangu, mimi sikuacha kuandika."

Mnacheka. Mimi siku hiyo sikucheka, maana nilikaa wiki mbili nikinakili. Lakini angalieni alichokuwa nacho: tarehe, jina, kilo, kila mzigo mstari wake. Ndugu wa karibu wa daftari lile kwenye kompyuta ni CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Programu yoyote ya kuandikia italifungua, leo na baada ya mimi kuzikwa.

Sisemi msijifunze zana mpya. Chukueni Python, lugha nyingine ya kuandikia programu: Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020; aliyekuwa na miaka kumi na moja ya kuhama akangoja wiki ya mwisho, huyo simwonei huruma. Mwaka huohuo Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa Korona walichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la XLS, muundo wa zamani wa programu ya majedwali ya Excel, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili jipya la Excel, XLSX, lenye nafasi ya mistari zaidi ya milioni moja, lilikuwapo tangu 2007. Zana mpya ilikuwa mezani, mkono ukazoea ya zamani.

Ila CSV nayo msiioe. Haijui kitu kuhusu maana. Namba ya simu ikianza na sifuri, ukiifungulia kwenye Excel sifuri inamezwa. 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni Machi nne; andikeni 2025-04-03 mlale usingizi. Na hili la kwetu hasa: karani aliandika mzigo umepokelewa 2:00, yaani saa mbili asubuhi. Kompyuta ikasoma saa nane usiku. Ripoti ya kwanza ilionyesha wakulima wote wanaleta zabibu wezi wakiwa kazini, na mkaguzi akaja na maswali yake! Tangu hapo kila faili ninaloacha kwa watu lina jirani yake, karatasi moja ya maelezo: safu hii ni nini, kipimo gani, saa za wapi.

Na miundo mingine ya kuhifadhi taarifa kwa maandishi, XML au JSON? Vyote vinasomeka kwa macho, vyote vina maelezo yaliyo wazi kwa kila mtu. Mfumo wa XML unaofanya kazi usiubomoe kwa sababu tu vijana wamehamia JSON.

Chama kile sasa kiko kwenye programu ya tatu. Kila Ijumaa karani hutoa CSV, huweka kwenye flashi mbili, moja inalala kwa mwenyekiti. Kaunta buku bado anaandika. Mara ya mwisho nilimuuliza kwa nini, akanielekeza macho kwenye taa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na foleni ya mizani ilikuwa inasonga.