Kabla hujanunua ramani ya nyumba ya jangwani

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, salaam kutoka Scottsdale, Arizona. Nimesimama nje ya Taliesin West, makazi na karakana ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright, na leo tuongelee zile nyumba ambazo kila anayejenga huko nyumbani ananitumia picha zake: kuta nyeupe zilizonyooka, paa la kuficha, kioo kutoka sakafuni mpaka juu. Ni nyumba nzuri, nazipenda kwelikweli. Sura hiyo imepata umaarufu mkubwa kwenye majangwa ya huku, kwa hiyo kabla hujampa fundi hela ya msingi, tuone wenzetu waliijenga kwa sababu gani.

Angalieni ukuta huu. Frank Lloyd Wright alianza kupajenga hapa mwaka 1937, akiwa na miaka 70. Mawe haya hayakutoka mbali. Wanafunzi wake waliyaokota hapahapa chini ya mlima, wakafunga mbao kama mnavyofunga za kumwagia lenta, wakayapanga ndani, upande bapa ukitazama nje, kisha wakajaza zege la mchanga wa hapahapa. Rangi ya ukuta ni rangi ya mlima wenyewe. Na paa? Mwanzoni lilikuwa turubai juu ya boriti za mbao. Turubai, jamani! Liliwezekana kwa sababu hii ilikuwa kambi ya miezi ya baridi. Joto likianza, Wright na watu wake walirudi Wisconsin.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Ile nyumba maarufu ya vioo ya Palm Springs, California, ambayo msanifu Richard Neutra alimchorea tajiri Edgar Kaufmann na kuimaliza mwaka 1946, nayo ilikuwa ya kukimbia baridi ya kwao Pittsburgh. Vile vioo vilikusudiwa jua la Januari. Hata hivyo Neutra aliweka mapezi, yaani vibao vya aluminiamu vilivyosimama wima, yanazungushwa kuzuia jua na upepo wa mchanga. Kwenye ramani zinazouzwa mitandaoni, kioo kimebaki, mapezi hayapo.

Sasa mtu wa Moshi anaishi na kioo hicho Januari hadi Desemba. Na joto la Februari la Moshi mjini mnalijua.

Kuna jambo la jua pia. Arizona jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo huku wanarefusha kivuli upande wa kusini kulizuia. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linapita kaskazini mwetu, Desemba linapita kusini, na miezi mingine liko karibu utosini. Ukuta unaoteseka kwetu ni wa mashariki na wa magharibi. Ukichukua ramani ya huku ukaelekeza kioo cha sebule magharibi, utapika watoto saa kumi jioni. Geuza nyumba: pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi.

Paa nalisema kwa haraka. Phoenix hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka. Marangu, Machame na Kibosho hupata mara kadhaa ya hapo, na masika haiombi hodi. Maji yakituama nyuma ya ukuta unaoficha bati, gata ya ndani ikizibwa na majani ya mgrevilea, silingi inaloa. Huko juu acheni bati lililoinama na baraza pana, tafadhali.

Lakini kwa wenye viwanja Mererani, Same, Bomang'ombe, kule kwenye vumbi na upepo, somo la jangwa ni lenu hasa. Tucson, msanifu Rick Joy amejenga nyumba za udongo wa kushindiliwa: udongo unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa tabaka kwa tabaka ndani ya mbao, ukuta unatoka mnene. Mchana unameza joto, usiku unalitoa. Ila usiku lazima upoe, na madirisha yawe yanapitisha upepo. Phoenix yenyewe mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Bila kiyoyozi huku hukai. Sisi tuna usiku unaopoa, utajiri ambao watu wa hapa wanaulipia kila mwezi kwenye bili ya umeme.

Na mawe tunayo! Arusha imekaa juu ya mawe ya volkano, tunayafukia kwenye msingi kisha tunapaka ukuta rangi nyeupe. Fundi wa mawe uliyeko Arusha au Moshi, kama umewahi kuinua ukuta mzima wa mawe ya wazi, niandikie hapo chini na bei ya mita moja ya mraba. Kuna familia tatu zinanisubiri niwaunganishe.