Umeme Kwenye Maji ya Rangi

Asanteni. Walio nyuma sogeeni kidogo muuone mtungi huu. Humo kuna maji ya bomba, rangi ya nguo na kijiko cha chumvi. Nimetumbukiza vyuma bapa viwili visivyogusana, nikaviunga na betri ya pikipiki. Tuviache vifanye kazi, tuzungumze jinsi umeme unavyosafisha maji machafu ya viwanda vya nguo.

Viwanda vingi vya nguo hutia pamba rangi za riaktivu, yaani zinazojifunga na uzi kwa kemia, na si yote inayoshika uzi. Ile iliyoshindwa hubaki majini pamoja na chumvi nyingi iliyotiwa kuisukumia kwenye pamba. Ukiyapeleka maji hayo kwenye bwawa la bakteria wanaokula uchafu, bakteria wanahangaika: rangi iliundwa makusudi nguo isichuje. Sifa kwa shati, balaa kwa mto. Chumvi nayo inawaumiza. Lakini kwenye umeme chumvi hiyohiyo ni neema, maana mkondo unapita kwa urahisi na bili inapungua.

Haya, tazameni. Chuma cha upande chanya kinalika: atomi zake zinaacha elektroni na kuingia majini zikiwa ioni, chembe zenye chaji ya umeme. Upande hasi maji yanavunjika, yanatoa hidroksidi na hidrojeni, ndiyo mapovu yale. Ioni za chuma zikikutana na hidroksidi, mnaona mawingu ya kijani. Yakipata hewa yanageuka rangi ya kutu. Mawingu hayo ndiyo yanayonasa rangi, na mapovu yanayabeba juu. Tunaita ugandishaji kwa umeme. Wala si jambo la jana. Mwingereza William Webster aliujaribu kwa majitaka ya London mwishoni mwa karne ya 19.

Hesabu yake ni ya mwanasayansi Michael Faraday. Ampea 1 kwa saa 1 huyeyusha kama gramu 1.04 za chuma. Alumini, gramu 0.34 tu. Kwa hiyo anayekuuzia mtambo muulize ampea ngapi, saa ngapi kwa siku, kisha piga hesabu mwenyewe sahani, yaani vyuma bapa kama hivi, zitadumu muda gani. Akikwambia "hautumii kemikali", cheka. Kemikali ni hizo sahani, na utazinunua tena.

Halafu kuna tope. Rangi haikutoweka, imehama tu, na ikiwa maji yalikuwa na kromiamu, metali inayoweza kuwa sumu, sasa una tope lenye kromiamu la kutafutia pa kulitupa kihalali. Sahani nazo huota utando unaozuia umeme, ndiyo maana mafundi hugeuza chanya na hasi kila baada ya muda.

Ninachokiogopa zaidi ni anodi, yaani sahani za upande chanya, zisizolika, kama za titani iliyopakwa oksidi za metali. Hizo hugeuza chumvi kuwa klorini, rangi inafutika upesi na wageni wanapiga makofi. Ila klorini ikikutana na mabaki mengine ya kiwandani, inaweza kuzaa sumu zisizo na rangi. Maji meupe yanadanganya. Pimeni.

Naona mtungi umeiva. Ndugu yangu wa mbele, chomoa waya, kiberiti kiwe mbali kwa sababu ya hidrojeni. Acha povu litulie, kisha chota maji ya katikati kwa bilauri hii uwazungushie wenzako. Kuyanywa, hapana.