Linda Linda: wimbo wa panya wa mtaroni na waliourudia

Karibuni, sogeeni huku mbele jamani, spika za nyuma zinakatakata. Leo tuna wimbo mmoja tu, Linda Linda, wa bendi ya Tokyo iliyoitwa The Blue Hearts, wapiga panki, yaani ile roki ya kasi na kelele, ndo singo yao ya kwanza kwenye lebo kubwa, Mei 1987. Najua kuna watakaobisha kwamba mwanzoni mwa mwaka huohuo walishatoa singo yao wenyewe bila lebo kubwa, sawa, ila huu ndo uliowatambulisha Japani nzima.

Sasa sikieni unavoanza. Hakuna drams kabisa, gitaa linaguswa taratibu, na Hiroto Komoto, ambaye ndo mtunzi, anaimba polepole kwamba anatamani kuwa mzuri kama panya wa mtaroni, maana uzuri wa namna ile haukai kwenye picha. Panya jamani, yule tunayemrushia kandambili! Alafu kabla hujakaa sawa drams zinaingia, gitaa linapasuka, jamaa anarukaruka jukwaani na kiitikio ni Linda Linda tu, hata mtoto anakishika mara moja. Na kumbukeni Japani ya wakati ule, uchumi umepaa, TV zimejaa waimbaji waliopambwa kuanzia nywele mpaka viatu, halafu anatokea mtu anamsifu panya, tena anamaanisha.

Mimi naamini hapo ndo siri ya wimbo kurudiwa mpaka leo. Kuupiga si kazi, gitaa la kuazima linatosha, ila ukiulainisha umeuua, unataka mtu anayejua kudharauliwa kukoje.

Bendi ilivunjika 1995. Miaka kumi baadaye, 2005, Nobuhiro Yamashita akatoa filamu ya Linda Linda Linda, wasichana wa sekondari wanataka kupiga nyimbo za The Blue Hearts kwenye tamasha la shule, hawana mwimbaji, wanamchukua mwanafunzi mgeni kutoka Korea ambaye Kijapani chenyewe bado kinampa shida, anaigizwa na Bae Doona. Siku ya siku wanachelewa, wanafika wamelowa mvua chapachapa, na yule mgeni ndo anasimama kwenye maiki. Sauti yake haijanyooka hata kidogo, na kwangu mimi hakuna aliyeurudia vizuri kumzidi.

Filamu hiyo ikavuka bahari. Los Angeles, 2018, wasichana wanne wadogo wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini, ndugu wawili, binamu yao na rafiki yao, wanaanzisha bendi na kujiita The Linda Lindas, jina limetoka hukohuko, na wimbo wenyewe wanaupiga jukwaani kwa Kijapani. Mei 2021 wakapiga maktaba ya umma pale mjini, video ikasambaa dunia nzima. Mpiga drams, Mila, alikuwa na miaka 10, akaeleza kwamba mvulana wa darasani kwake alimwambia baba yake kamkataza kukaa karibu na Wachina, ndo wakamtungia wimbo mkali kweli. Yaani mtoto anaonwa uchafu kwa sababu ya asili yake, anajibu kwa drams.

Haya, fundi, tuwekee ile ya 1987 kwanza, sauti juu kabisa, alafu ya kwenye filamu. Maswali baada ya hapo.