Kila Kitu Tumekiita Hasira

Maafande, walimu, maafisa wa probesheni, na nyinyi wazee mlioketi kule nyuma, hamjambo? Asanteni kwa kufika hapa Kakamega.

Nianze na sabuni. Kipande cha sabuni ya kufulia, hakizidi kidole gumba. Vijana wawili walio kizuizini, niliokuwa nikiwafundisha kumaliza ugomvi na kusameheana, walikipigania hadi mmoja akashonwa mdomo. Nikamuuliza aliyepiga: kwa nini? "Nilishikwa na hasira, mwalimu." Na kabla ya hasira, ulishikwa na nini? Akanyamaza, akachora chini kwa kidole cha mguu. "Aliichukua wenzetu wakiona. Wakanicheka."

Kumbe ilikuwa fedheha! Vijana wetu wana matusi ya Kiluhya, ya Kijaluo, ya Sheng, ya kujaza debe. Lakini fedheha, wivu, woga, upweke, vyote wanaviita hasira, na dawa ya hasira wanayoijua ni ngumi. Kwa hiyo msamaha nauacha kwanza. Naanza na majina ya yale yanayowauma.

Kisha kuna zoezi: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akiri, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Siku ya kwanza wanacheka na kuigana sauti. Siku ya tatu wanatoka jasho. (Nililijaribu nyumbani na mke wangu. Tuyaache hayo.)

Lakini darasani kila mtu ni malaika. Ugomvi uko kwenye foleni ya ugali, kwenye bomba la maji, na bwenini taa zikizimwa. Huko mimi sipo; yupo afande. Afande akimwita kijana "wewe mwizi, njoo", kazi yangu ya wiki nzima imekwenda na maji. Mniwie radhi, lakini nimeyasikia kwa masikio yangu.

Tena hawa wanarudi nyumbani. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi kabisa. Hata anayepelekwa bostali, yaani gereza la vijana la kurekebisha tabia, kama ya Shikusa, kifungo hakipiti miaka 3. Atashuka kwenye matatu, apite mbele ya boma la jirani yuleyule aliyemwibia kuku.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mimi nimefundishwa kuomba msamaha. Yule jirani, nani amemfundisha kuupokea?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu nimewaalika, wazee wangu. Hebu sogezeni viti mbele, tuanze na huyo jirani.